Jirani wa kupanga au jirani wa kununua?

Mhariri,

Corona ilipoingia mwaka 2020, serikali ilitufundisha umbali wa kijamii: mita moja u nusu, alama za rangi zikapakwa sakafuni mwa benki na maduka, kila mtu akasimama kwenye yake. Nilicheka peke yangu kwenye foleni mpaka mlinzi akanitazama. Miaka kumi kabla ya hapo nilikuwa nimelipwa kwa siku kupima umbali wa kijamii wa namna nyingine, dodoso mkononi na raba miguuni, boma hadi boma, kutoka Njoro kupanda Elburgon hadi Molo. Umbali ule hatukuupima kwa mita. Tuliupima kwa namba, kuanzia 1 hadi 7.

Nimeikumbuka kazi hiyo kwa sababu ya barua ya msomaji mwenzangu uliyoichapisha majuzi. Anataka serikali ipime kila mwaka jinsi makabila ya Kenya yanavyokaribiana au kuchukiana, kisha kila kaunti ipewe alama zake hadharani, kama watoto waliofanya mtihani. Nia yake ni njema. Ila naona anadhani kipimo kipo tayari kabatini, mfano wa mizani ya mahindi, na kilichobaki ni mtu wa kukitoa na kukifuta vumbi. Mizani hiyo nimeishika. Naomba nafasi nieleze inavyopima.

Kipimo chenyewe kilitungwa Marekani na Emory Bogardus, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, akakichapisha mwaka 1925. Siku zile watu wa pwani ile ya magharibi walikuwa wakizozana juu ya Wajapani na Wachina waliohamia kwao, na mwaka 1924 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafungia mlango wahamiaji, hasa wa kutoka Asia. Bogardus aliorodhesha mataifa, akauliza watu: huyu ungemkubali hadi wapi? Ngazi ya 1, awe jamaa yako kwa ndoa. Ya 2, awe rafiki katika chama chako. Ya 3, jirani wa mtaa wako. Ya 4, mwenzako kazini. Ya 5, raia wa nchi yako. Ya 6, mgeni wa kupita tu. Ya 7, asikanyage nchini kabisa. Uchunguzi huo ulirudiwa Marekani mara kadhaa hadi 1977, miaka minne baada ya mwenyewe kufariki, na nchi nyingi zimekiazima kipimo hicho na kukirekebisha.

Uzuri wake, ndivyo tulivyofundishwa, ni kwamba hii ni ngazi kweli. Aliyekubali kukuoza binti yake hawezi kukukataa ujirani, na aliyekukubali ujirani hawezi kukunyima uraia. Kwa hivyo tafuta tu hatua ya karibu kabisa ambayo mtu anaikubali, iandike, nenda boma linalofuata. Dakika ishirini kwa kila nyumba. Msimamizi wetu alikuwa na saa.

Basi dodoso likatafsiriwa Kiswahili, likaletwa kwetu likiwa na swali la saba vilevile: "Je, ungependa mtu wa kabila hili asiruhusiwe kuingia katika nchi yako?" Mjini Nakuru, tulikofanyia majaribio, watu walicheka. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha mboga aliniuliza, "Sasa huyo Mluo nimfukuze nchini nimpeleke wapi, mwanangu, katikati ya ziwa?" Nami nikacheka naye, nikadhani swali hilo litatolewa.

Tulipofika juu Molo hakuna aliyecheka. Kule neno "nchi" lilikuwa na mipaka yake, nayo haikuwa ile ya kwenye ramani ya darasani. Mwaka 1992 watu wa kule waliambiwa warudi kwao, na kwao huko kulikuwa Kenya hii hii, safari ya basi moja. Wakaitwa madoadoa. Neno hilo lina umri wa kuzeeka sasa, lakini bado ni bichi: Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022, pamoja na "kwekwe". Kwa hivyo swali la saba, lililotungwa kwa ajili ya watu wanaoshuka melini, lilijibiwa Molo na watu waliowahi kuona nyumba ikichomwa. Walilielewa kuliko sisi wahojaji.

Sasa nimfikie mzee mmoja, maana ndiye aliyenivunjia ngazi.

Alikuwa Mkalenjin, boma lake liko baada ya Elburgon, mtu wa miaka sabini hivi. Mkewe alitupa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kwenye kikombe cha bati, tukaketi nje. Nikaanza. Mkikuyu awe jamaa yako kwa ndoa? Mzee akanionyesha kwa fimbo nyumba ya mabati ng'ambo ya ua. "Hiyo ni ya kijana wangu. Mke wake ni Mkikuyu. Wajukuu wangu hao." Watoto wawili walikuwa wanamfukuza kuku. Nikaandika 1. Kwa utaratibu wetu kazi ilikuwa imekwisha, lakini nilikuwa mgeni wa kazi na niliogopa msimamizi, kwa hivyo nikaendelea na maswali yote. Rafiki? Ndiyo. Jirani?

Mzee akanyamaza. Kisha akauliza, "Jirani wa kupanga au jirani wa kununua?"

Nikapekua karatasi za maelekezo. Hakuna. Nikamwomba anifafanulie.

"Wa kupanga, karibu. Hata duka nimewapangishia. Wa kununua shamba, hapana."

"Lakini mzee, umewapa kijana wako."

"Msichana aliolewa akaja hapa, sasa ni wa hapa. Akinunua baba yake shamba hapa, hapa panakuwa kwa baba yake." Akamgeukia mkewe, akamwambia jambo kwa Kikalenjin, mkewe akatikisa kichwa, kisha mzee akanigeukia tena akanitafsiria alichosema bila kuombwa: alikuwa amemwambia mama kwamba mtoto huyu ameletwa na watu wasiokuwa na shamba.

Jioni nilimweleza msimamizi. Akasema, weka 1, swali ni la jirani, halikutaja shamba. Nikaweka 1. Kwenye kompyuta ya ofisi ile yule mzee ni mtu asiye na ukabila hata chembe.

Sisemi mzee alikuwa na haki au hakuwa nayo. Ardhi ya kule Waingereza waliichukua kutoka kwa Wamaasai na Wakalenjin, wakaifanya mashamba ya walowezi. Uhuru ulipokuja, sehemu kubwa haikurudishwa kwa mtu; iliuzwa, kupitia skimu za serikali na kampuni za kununua mashamba, na Wakikuyu wengi, baadhi yao vibarua wa mashamba yale yale, walichanga wakanunua. Mmoja ana kaburi la babu, mwingine ana hati na risiti. Ndiyo maana Bonde la Ufa ngazi iliyo ngumu kuliko zote si ya ndoa, na dodoso la Los Angeles halikuwa nayo kabisa. Ukiuliza ndoa, utapata majibu ya kupendeza. Uliza shamba.

Na si Molo tu ambako ngazi imejipanga vingine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, wameishi na wenyeji, wamefanya kazi nao, wameoana nao, yaani wamepita hatua zote za karibu. Hatua ya 5 ndiyo iliyowashinda: kitambulisho hawakuwa nacho hadi walipofunga safari ya miguu Oktoba 2016 kwenda Nairobi kumwona Rais, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Miongo mingi mtu ni shemeji na si raia. Bogardus angeandika namba gani hapo?

Sasa nije kwa mama yangu mzazi, naye atanisamehe.

Baba ni Mbukusu wa Kimilili aliyeletwa Nakuru na kazi ya reli. Mama ni Mkikuyu wa Bahati. Mimi ni Nafula kwa kina baba na Wanjiru kwa kina mama, na nyumbani nilijibu jina lolote lililoambatana na chakula. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi nilimkalisha mama jikoni nifanye naye mazoezi ya dodoso. Nikaanza na Mluo.

"Awe mkwe wako?"

"Hapana."

"Mama, sijamaliza kusoma swali."

"Nimelisikia. Hapana."

"Awe rafiki yako wa karibu?"

"Rafiki zangu ni wa kanisa, wananitosha."

"Jirani?"

"Jirani si huyo hapo." Akaashiria ukuta kwa kisu cha viazi.

Huyo hapo alikuwa fundi cherehani, Mluo, mwanamke mwenye watoto watatu, tuliyeishi naye ploti moja upande wa Kaptembwo. Ijumaa ya tarehe 25 Januari 2008, kisasi cha ghasia za baada ya uchaguzi kilipofika Nakuru, vijana walipita ploti kwa ploti wakiuliza vitambulisho. Mama aliwaingiza yule jirani na watoto wake chumbani kwake, akafunga kwa kufuli, kisha akaleta beseni na kigoda akaketi mlangoni akimenya viazi. Vijana walipofika aliwasemesha kwa Kikuyu. Sikuwahi kumsikia mama akitukana vile, na mimi ndiye niliyemwaga maziwa ya mtu mzima nikiwa na miaka sita. Aliwauliza ni wana wa nani, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao, ambaye mama yake alikuwa akiuza naye sokoni, akaangalia chini. Wakaenda. Usiku jirani akapelekwa uwanja wa Afraha na gari la polisi, na vitu vyake vyote vikabaki kwetu: cherehani, televisheni, na bahasha ya vyeti vya watoto ambayo mama aliiweka ndani ya Biblia. Aprili aliporudi alikuta cherehani imetiwa mafuta.

Nikamkumbusha mama hayo yote pale jikoni. Akasema, "Kuficha si kuoza."

Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hakuolewa na Mkikuyu. Akasema, "Ndiyo maana najua ninachosema," akarudi kwenye viazi.

Mama akapata 3. Mzee wa Elburgon amepata 1. Karatasi ya mama ninayo hadi leo, ilikuwa ya mazoezi kwa hiyo haikwenda ofisini. Sasa nakuuliza, Mhariri, ikija tena Januari kama ile, na ungekuwa huna budi kubisha hodi, ungebisha kwa namba ipi? Mzee huenda angenificha pia, simsingizii. Ninachosema ni kwamba karatasi haikuniambia lolote kuhusu jambo hilo, kwa wote wawili.

Miaka michache baadaye, nilipokwenda Egerton kusoma sosholojia hiyo hiyo jioni, niligundua kwamba Wamarekani wenyewe walikuwa wameliona tatizo zamani. Richard LaPiere, mwalimu wa Stanford, alizunguka nchi yake kwa gari kuanzia mwaka 1930 akiwa na kijana wa Kichina na mkewe. Waliingia hoteli, kambi za wasafiri na mikahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye sehemu hizo barua: je, mnapokea Wachina? Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Wote hao walikuwa ni akina mama yangu, kinywa kikali na mlango wazi.

Lakini kuna upande wa pili pia, na mimi nilikutana nao nikitafuta nyumba mwaka 2011. Bango lilikuwa ukutani, namba ya simu ikiwa chini. Nikapiga, nikajitambulisha kwa jina la kina baba. Msimamizi wa ploti akasema nyumba imeshachukuliwa, pole dada. Dada yangu, aliyekuwa kando yangu na ambaye hana subira, akapiga dakika tano baadaye kwa jina la kina mama. Chumba kipo, njoo ukione, leo hata kesho. Ukimpelekea mwenye ploti huyo dodoso atakupa 1 kwa makabila yote arobaini na zaidi, kwa tabasamu, na chai juu. Simu mbili za shilingi chache zilinipa kipimo ambacho karatasi kurasa sita hazingenipa.

Tena karatasi ina macho: inamwona anayeishika. Beji yangu iliandikwa Nafula. Mwenzangu, kijana Mkikuyu wa Subukia, alikuwa upande wa pili wa barabara ile ile ya vumbi, nyumba zinatazamana. Tulipolinganisha karatasi jioni tulicheka hadi msimamizi akatukemea. Upande wangu wa barabara Waluhya tulipendwa na kila mtu. Tulikuwa wakwe wa kila boma. Upande wake Waluhya walikuwa majirani wa wastani, na Wakikuyu ndio waliokuwa maua. Watu si wajinga, wanasoma beji kabla hujafungua kinywa, na mila yetu haimruhusu mtu mzima kumwambia mgeni aliyeketi kwake, anayekunywa maziwa yake, kwamba watu wake hawatakiwi. Kwa hivyo tulichopima sehemu kubwa ni adabu. Adabu pia ni kitu kizuri kukipima, lakini basi tuiite adabu.

Na siku moja nilifanya utundu. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1946 Eugene Hartley, Mmarekani mwingine, alichapisha matokeo ya dodoso aliloliwekea, katikati ya makabila ya kweli, matatu ya kubuni, mojawapo likiitwa Danireans. Watu wengi waliwakataa, tena waliokataa makabila ya kweli ndio hasa waliokataa na yale ya hewani. Nikaenda nalo kwenye chama chetu cha kina mama, siku ya mzunguko, sote tukiwa na sahani mapajani. Nikauliza kwa sauti ya kazi: je, mngeoza binti kwa Mdaniria? Wawili wakasema hawawajui. Mmoja akasema kama ameokoka hana neno naye. Mweka hazina wetu akaweka kijiko chini. "Hao nawajua. Mmoja alinikopa elfu mbili akahama usiku."

Hadi leo sijamwambia.

Jambo ambalo lingenifanya niiombe serikali ingoje kwanza ni hili la kalenda. Kazi yetu ilikuwa na awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 2010, majivu ya 2008 bado yana joto. Ya pili ilikuwa Februari 2013, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4. Vijiji vilikuwa vile vile, na mara nyingine tulikaa kwenye viti vile vile. Kati ya awamu hizo Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, walikuwa wameungana wakasimama tiketi moja dhidi ya Raila Odinga, Mluo. Mabwana wakubwa wawili walishikana mikono jukwaani, na maboma ambayo mwaka 2010 yalinipa namba za mbali kwa Wakikuyu au kwa Wakalenjin yakanipa namba za karibu, na hapakuwa na kisima kilichochimbwa pamoja wala hati ya shamba moja iliyotatuliwa. Waluo, ambao 2010 hakuna aliyekuwa na shughuli nao Molo, ghafla walikuwa wamesogea mbali, na Mluo mwenyewe hayuko kijijini hata mmoja. Baadaye ikaja salamu ya Machi 9, 2018 kati ya Uhuru na Raila, kisha 2022 pande zikapangwa upya. Ningekuwa bado nina dodoso, ningelazimika kuja na penseli badala ya kalamu.

Wataalamu wamelipima hilo. Benn Eifert, Edward Miguel na Daniel Posner walichambua majibu ya watu zaidi ya 35,000 wa nchi 10 za Afrika, wakachapisha mwaka 2010: kila mwezi mmoja unaokaribia uchaguzi wa rais wenye ushindani, uwezekano wa mtu kujitambulisha kwanza kwa kabila lake unapanda kwa pointi 1.8 za asilimia. Pigeni hesabu wenyewe ya miezi kumi. Kwa hivyo kaunti itakayopimwa mapema na kaunti itakayopimwa karibu na kampeni hazitakuwa zimefanya mtihani mmoja, na atakayefeli atafelishwa na tarehe.

Msomaji mwenzangu atasema, basi tusipime kabisa? Sijasema hivyo. Kuna hatua ambazo hazihitaji kumuuliza mtu chochote. Ile ya 4, ya kazini, ina sheria tayari: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Hapo hutaki mhojaji, unataka orodha ya mishahara na kalamu nyekundu. Ya shamba nayo iko kwenye rejista ya ardhi. Nani aliuziwa, nani alikataliwa kibali, nani alihama akaacha hati. Hayo ni mambo yaliyotendeka, yana tarehe na muhuri.

Kwa mambo ya nyumbani mimi nilijifunza kupima kwa sikio. Unapobisha hodi kwa watu wasio wa lugha yako, mazungumzo ya ndani yanahamia Kiswahili. Ziara ya kwanza hiyo ni heshima, na Mungu awabariki. Lakini kama umezoeana nao miaka minane na bado wakikuona wanahamia Kiswahili kama watu waliovaa viatu haraka, basi bado wewe ni wa sebuleni. Dada wa yule fundi cherehani alipomtembelea mwaka jana, waliendelea kuongea Kijaluo mbele ya mama, mama hasikii neno, akawa anaitikia tu "eee" mahali panapostahili kuitikiwa. Kisha jirani akamwambia mama, kwa Kiswahili, "Ndiyo hivyo mama, umesikia mwenyewe." Mama akasema amesikia.

Sikumbuki kama kuna ngazi ya hiyo.

Kuna pia orodha za michango ya mazishi, ambazo siku hizi ziko kwenye vikundi vya WhatsApp, majina na kiasi. Nani alituma mia tano kwa msiba wa mtu asiye wa kwao, na nani alitoka kimyakimya kwenye kikundi. Kuna mtoto unayemwogesha pamoja na wako bila kuuliza. Kuna ufunguo: ukisafiri Krismasi kwenda kwenu, unauacha kwa nani? Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, na mimi naweza kukuchorea ramani ya funguo za Desemba iliyopita. Haifanani na ramani ya kura ya ploti ile ile, nayo pia naijua.

Na dodoso lolote litakalotungwa litafute pa kutuweka sisi tuliochanganyika. Lile letu lilikuwa na kisanduku kimoja cha kabila, herufi mbili. Sensa ya 2009 watu 610,122 waliamua kuandikwa Wakenya tu, basi. Kaka yangu ni mmoja wao, si kwa uzalendo, alichoka kueleza. Watoto wangu, kwa kuwa baba yao ni Mkipsigis, watahitaji mhojaji mwenye subira.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mkiamua kutupima, msitupime Julai 2027, uchaguzi ukiwa mlangoni. Wahojaji wabadilishane pande za barabara kabla ya chai ya saa nne. Na pale kwenye swali la tatu, mwongeze maneno mawili ya mzee wa Elburgon, kama bado yu hai atafurahi: wa kupanga, au wa kununua.

Nafula,
Nakuru